Urithi wa Nabothi na Mbegu za Nyanya

Somo: 1 Wafalme 21:1-3 na 2 Timotheo 1:5



Habari ya Nabothi mmeisikia mara nyingi. Alikuwa mtu wa Yezreeli, mwenye shamba la mizabibu karibu na jumba la mfalme Ahabu. Mfalme alilitaka shamba lile alifanye bustani ya mboga, kwa kuwa lilikuwa karibu na nyumba yake. Wala hapo kwanza hakutaka kulichukua bure. Alisema atampa Nabothi shamba jingine lililo jema zaidi, au akipenda, atamlipa fedha kwa thamani yake. Ukiyapima maneno hayo kwa mizani ya sokoni, utaona ni biashara njema. Lakini Nabothi alikataa kwa sababu moja tu, kwamba shamba lile ni urithi wa baba zake. Amelipokea kwa watu waliokwisha kufa, naye analishika kwa ajili ya watu ambao hawajazaliwa. Tena Torati ilikuwa imemfundisha ya kuwa nchi ni ya Mungu mwenyewe, na watu ni wageni wake tu (Walawi 25:23). Basi mtu aliyesimama katikati, kati ya wazee na watoto, hana ruhusa ya kuuza.

Habari hii huhubiriwa kuwa hukumu juu ya wafalme wadhalimu, na ni kweli ndivyo ilivyo. Lakini mwezi huu nataka tuitazame kwa upande mwingine. Kwa nini mtu apende kitu cha zamani hata akatae kile ambacho soko lasema ni bora? Je, ni ukaidi wa wazee tu, au ipo hekima ndani yake? Ili tupate kujibu, sitawapeleka Yezreeli. Nitawapeleka katika bustani zetu wenyewe, penye nyanya.

Katika nchi yetu ya Unyamwezi, ukitoka Tabora kwenda Urambo au Sikonge, utaona nyanya ndogo ambazo hakuna aliyenunua mbegu zake dukani. Huota zenyewe nyuma ya jiko, penye majivu na maji ya kuoshea vyombo, au kando ya mahindi. Ganda lake ni jembamba. Hata ikiiva, mara nyingi sehemu iliyo karibu na kikonyo hubaki na rangi ya kijani. Haziiviki zote siku moja, wala hazilingani kwa umbo. Dalali akiziona hugeuza uso, maana ukizitia katika tenga na kuzisafirisha kwa gari, zitafika zimepasuka. Lakini mama akitia chache katika mchuzi wa karanga au katika mboga ya majani ya kunde, nyumba nzima hujua. Uchachu na utamu huja pamoja, na harufu yake hutangulia chungu. Mtu aliyekulia na ladha ile, hata akikaa mjini miaka mingi, huikumbuka kama akumbukavyo sauti ya bibi yake. Na lugha yetu yenyewe yatupa fundisho hapa, kwa kuwa neno nyanya lina maana mbili: ni tunda hili, tena kwa watu wengi wa pwani na kwingineko ni mama wa mama au mama wa baba.

Upendo huo si wa kwetu peke yetu. Huko Marekani, katika jimbo la Iowa, palikuwa na mzee mmoja jina lake Baptist John Ott. Wazazi wake walipohama Bavaria, katika nchi ya Wajerumani, walichukua mbegu za nyanya kubwa ya rangi ya waridi. Mzee huyo, muda si mrefu kabla ya kufa, alimpa mjukuu wake wa kike mbegu hizo, pamoja na mbegu za ua moja la kutambaa. Yule mjukuu, Diane Ott Whealy, pamoja na mumewe, waliona ya kuwa wasipozipanda wao, zitakwisha duniani. Ndipo mwaka 1975 wakaanzisha chama cha watu wa kutunza na kupeana mbegu za kale, nacho kingali kikifanya kazi hata leo. Sasa katika masoko ya Ulaya na Marekani watu hulipa bei kubwa zaidi kwa nyanya zenye mikunjo na mabaka, kwa sababu tu ni za kale. Tazameni jinsi mambo yanavyogeuka: kile ambacho kwetu hutupwa na dalali, kule matajiri hukitafuta.

Lakini mimi siwaandikii ninyi ili tupate bei. Nawaandikia kwa ajili ya urithi, nami nitasema mambo matano.

Jambo la kwanza: urithi ni kitu kilichopokewa. Hakuna mtu hapa Tabora awezaye kusema kwamba nyanya ni yetu tangu mwanzo. Nyanya chungu, ambayo wengine huiita ngogwe, hiyo ni ya Afrika. Lakini nyanya hii nyekundu asili yake ni Amerika. Nyanya za mwituni huota katika nchi za milima ya Andes, na watu wa Mexico walikuwa wakizilima kabla Wazungu hawajafika kwao. Ikavuka bahari, ikapita mkono kwa mkono, hata ikafika bara kwetu. Mahindi, muhogo, karanga na pilipili, vyote vimetoka upande ule ule wa dunia.

Na njia iliyoingiza vitu vya pwani katika nchi hii ninyi mnaijua. Ilianza Bagamoyo, ikapita Mpwapwa na Ugogo, ikakata pori lile lililoitwa Mgunda Mkali, ikafika Tabora, ikaendelea mpaka Ujiji penye ziwa, karibu kilometa 1,200. Burton na Speke walipofika Tabora mwezi wa Novemba mwaka 1857, waliukuta mji wa wafanya biashara, nao waliuita Kaze. Waliopita njia ile kwa miguu, wenye mizigo mabegani, wengi wao walikuwa Wanyamwezi, na jina la upagazi wao lilijulikana pwani yote. Walikwenda na pembe, wakarudi na nguo na shanga. Tena msafiri huchukua chakula chake, na chakula kina mbegu. Leo pia wazee wakionyesha miembe iliyosimama kando ya njia ile ya zamani, husimulia ya kuwa iliota kwa kokwa zilizotupwa na wasafiri.

Basi hata kitu tunachokiita cha kienyeji, kwanza kilikuwa mgeni. Sisi tulikipokea. Mtume Paulo awauliza Wakorintho wana kitu gani wasichokipokea (1 Wakorintho 4:7), na swali hilo lavunja kiburi chote. Apendaye mbegu ya kale asijivune kana kwamba aliiumba yeye. Ashukuru tu. Na katika Katekisimo Ndogo ya mwaka 1529, pale Luther anapoeleza ombi la mkate wa kila siku, mashamba na chakula vimehesabiwa pamoja na mambo yote tupewayo na Mungu. Nyanya iliyo nyuma ya jiko lako ni sehemu ya ombi lile.

Jambo la pili: macho ya sokoni hayaoni yote. Kwa muda wa miaka kama 70 watengenezaji wa mbegu walichagua nyanya zinazoiva kwa rangi moja, bila ile sehemu ya kijani karibu na kikonyo. Walifanya hivyo kwa sababu nzuri. Mkulima apata kujua vema siku ya kuchuma, na mnunuzi apenda kuona sanduku zima likiwa jekundu sawasawa. Lakini mwaka 2012 wataalamu walieleza katika jarida la Science jambo ambalo hakuna aliyelijua. Ile rangi ya kijani ilikuwa na kazi. Ndani yake tunda lenyewe, likiwa bado bichi, hutengeneza sukari kwa nuru ya jua, kama lifanyavyo jani. Walipoiondoa ile rangi ili tunda lipendeze, waliondoa pamoja nayo sehemu ya utamu. Wala hawakukusudia. Walichagua kwa macho, nacho kilichopotea hakionekani kwa macho.

Ndugu zangu, Samweli naye alipokwenda nyumbani kwa Yese alitazama kwanza urefu na sura, hata Mungu akamwonya (1 Samweli 16:7). Nasi tuna desturi hiyo hiyo. Tunachagua nyanya kwa ganda, tunachagua mchumba kwa nguo, tunachagua mzee wa kanisa kwa gari lake au kwa nyumba yake ya bati. Kisha twashangaa kwa nini hakuna ladha. Bega la kijani mnalolidharau, pengine ndilo linalotengeneza utamu.

Jambo la tatu: asiye na mbegu hana uhuru. Someni Mwanzo 47. Njaa ilipozidi Misri, watu walitoa kwanza fedha zao, kisha wanyama wao, na mwisho mashamba yao na miili yao wenyewe. Nao waliomba nini? Waliomba chakula na mbegu. Yusufu aliwapa mbegu, wakaishi, wakamshukuru. Lakini tangu siku ile walikuwa watumishi wa Farao, na sehemu moja katika tano ya mavuno ilikuwa yake.

Hapa ni lazima niseme kwa haki, ili mtu asije akasema kwamba mchungaji anakataza maendeleo. Mbegu zinazouzwa katika maduka ya pembejeo si kitu kibaya. Ziko mbegu chotara zinazozaa sana na kustahimili magonjwa kadha wa kadha, na mkulima aliyesomesha watoto kwa nyanya zile hana sababu ya kuona haya. Wala mbegu za kale hazina nguvu ya kushinda kila adui. Yule mdudu atobojaye majani na matunda, ambaye wakulima humwita kantangaze, alipoingia nchini mwaka 2014 hakuuliza kama nyanya ni ya kienyeji au ya dukani. Alikula zote. Lakini jambo moja yapasa kila mkulima alijue kabla hajatoa fedha yake. Mbegu chotara ni mtoto wa wazazi wawili wa namna mbalimbali. Ukizichukua mbegu za matunda yake na kuzipanda, hazitafanana na mama yao. Moja itatoka hivi, nyingine vile. Kwa hiyo kila msimu sharti urudi dukani. Mwaka wa fedha utarudi nayo mkononi, na mwaka wa ukame utarudi na deni. Sisi watu wa Tabora tunaolima tumbaku hatuna haja ya kufundishwa na mtu maana ya kuchukua pembejeo kwa mkopo na kungoja bei.

Mbegu ya kale sivyo ilivyo. Ua la nyanya kwa kawaida hujichavusha lenyewe, hivyo mtoto hufanana na mama yake mwaka kwa mwaka. Katika Mwanzo 1:12 twasoma kwamba mimea ilitoa mbegu kwa jinsi yake, na maskini aliye na kibuyu kimoja cha mbegu kama hizo ana kitu ambacho hakuna mdai awezaye kumnyima. Hata mbegu mpya zaweza kuwa za namna hii. Mbegu za Tanya na Tengeru 97, zilizotolewa kwa wakulima wa Tanzania mwaka 1997, si chotara. Ganda lake ni gumu, zinasafiri vema, tena mkulima aweza kuzihifadhi mwenyewe kwa matumizi ya shamba lake. Watoto wetu wakizitunza, siku moja zitaitwa urithi. Maana urithi hauanzi kwa ukale wa kitu, bali kwa uaminifu wa yule akishikaye. Nanyi mnaotaka kuuza mbegu, fuateni utaratibu wa serikali, kwa kuwa iko Sheria ya Mbegu ya mwaka 2003, nasi hatufundishi watu kuivunja. Mimi nasema juu ya mbegu ya nyumbani.

Jambo la nne: si kila urithi ni mwema. Njia ile ya misafara haikuleta miembe na nyanya tu. Katika njia ile ile watu walipita wamefungwa minyororo na miti shingoni, wakaenda Bagamoyo kuuzwa. Wengine walizikwa njiani, na wengine hawakuzikwa. Mwaka 2006 serikali ya Tanzania iliiandikisha njia hii katika orodha ya awali ya urithi wa dunia ya shirika la UNESCO, na miongoni mwa mahali palipotajwa ni Kwihara, karibu na Tabora, mahali alipokaa Livingstone mwaka 1872 kabla ya safari yake ya mwisho. Tazameni, hata biashara ya kuuza watu leo huitwa urithi. Ni kweli ni urithi, lakini twautunza ili tusiurudie.

Mtume Petro awaambia Wakristo ya kuwa wamekombolewa katika mwenendo usiofaa walioupokea kwa baba zao (1 Petro 1:18). Basi msiseme, kitu hiki ni cha wazee, kwa hiyo ni chema. Kumdharau mjane na kumnyang'anya shamba la marehemu mumewe ni desturi ya zamani, itupeni. Kumwita mtu mtumwa kwa sababu babu yake alikuja na msafara ni maneno ya zamani; yafukieni. Mwenye bustani mwenye akili hatunzi mbegu ya kila mche. Hutazama shamba lote, akauacha mche wenye mnyauko, akautia alama kwa kitambaa ule ulio mzima na wenye matunda mema, akasema: huu ndio wa mbegu. Hivyo ndivyo Mkristo anavyopokea mambo ya baba zake. Hayachukui yote, wala hayatupi yote. Hutia alama.

Jambo la tano, na hili ndilo kubwa: urithi hautunzwi kwa kusifiwa, bali kwa kupandwa na kukabidhiwa. Shamba la Nabothi lingeweza kulala miaka kumi bila kulimwa nalo lingekuwa shamba tu. Mbegu sivyo. Mbegu ya nyanya, ukiikausha vema na kuiweka mahali pakavu penye ubaridi, itaishi miaka minne au zaidi kidogo. Baada ya hapo huanza kufa ndani ya kibuyu, nawe huoni. Ukoo ukipitisha miaka hiyo bila kupanda, basi imekwisha, wala hakuna fedha ya kuirudisha. Kazi ya vizazi vingi hupotea kwa uvivu wa kizazi kimoja.

Ndiyo maana nimelichukua somo letu la pili. Paulo alipomwandikia Timotheo, alitaja wanawake wawili, Loisi aliye bibi yake na Eunike aliye mama yake. Imani ilikaa kwanza katika bibi, kisha katika mama, kisha katika kijana. Loisi hakuacha kitabu wala hakujenga kanisa. Alimkabidhi binti yake kile alichokuwa nacho. Katika vijiji vyetu pia, walio na mbegu si wenye matrekta. Ni akina Loisi wetu, wazee wanawake wenye kibuyu kilichofungwa kwa kitambaa, kinachoning'inia juu ya jiko penye moshi. Yeye peke yake ajua ni mbegu ya nini, ilitoka kwa nani, na ipandwe lini. Kisha huja msiba. Vijana hufagia nyumba kwa ajili ya wageni, hukikuta kibuyu kile cheusi kwa masizi, hukitupa jalalani. Hakuna anayelia kwa ajili ya kibuyu. Lakini siku ile mambo mawili yamezikwa.

Basi mwulizeni angali hai. Tena jifunzeni kazi yenyewe, si ngumu. Chagua tunda la mche ulioutia alama, uliache liive kabisa kupita siku ya kulila. Likamue ndani ya kikombe, mbegu pamoja na maji yake, ukafunike kwa kitambaa. Liache siku mbili au tatu hata litoe povu na harufu mbaya. Usiogope, maana ule utelezi unaozunguka mbegu huoza na kuachana nayo, na pamoja nao hupungua baadhi ya magonjwa yanayosafiri na mbegu. Kisha zioshe kwa maji safi. Zilizo njema huzama chini, nyepesi huelea nawe huzimwaga. Zianike kivulini juu ya sahani mpaka zikauke kabisa, uzitie katika chupa au kibuyu pamoja na majivu makavu, uzibe vizuri. Andika jina na mwaka. Hayo ndiyo yote.

Je, hamsikii Injili katika kikombe kile? Mbegu haipati kuwa safi isipopita katika uozo. Bwana wetu alisema juu ya chembe ya ngano inayoanguka katika nchi na kufa (Yohana 12:24), akisema habari za mauti yake mwenyewe. Yeye hakuihifadhi nafsi yake katika kibuyu. Aliitoa, ikaoza machoni pa watu, ikanuka aibu ya msalaba, na siku ya tatu ikaota. Sisi tu mavuno ya mbegu ile. Na urithi alioutuwekea mbinguni hauharibiki, wala haumalizi miaka yake ndani ya chombo.

Mtu akisema, mchungaji, mbegu ni kitu kidogo, mbona umeiandikia maneno mengi hivi? namjibu kwa habari hii moja. Katika mji wa Leningrad huko Urusi, wakati wa vita kuu ya pili, mji ulizingirwa na majeshi ya Wajerumani tangu Septemba mwaka 1941 hata Januari mwaka 1944, na watu wengi mno walikufa kwa njaa. Ndani ya mji ule palikuwa na nyumba yenye hazina ya mbegu iliyokusanywa na mtaalamu Nikolai Vavilov na wenzake kutoka pande nyingi za dunia. Vavilov mwenyewe hakuwapo. Serikali yake ilikuwa imemtia gerezani, naye alikufa humo mwaka 1943. Waliobaki waliilinda hazina ile. Palikuwa na magunia ya mchele, ya ngano na ya karanga, nao walikuwa na njaa. Kadha wa kadha kati yao walikufa wakiwa kazini, na mmoja, Dmitri Ivanov, mlinzi wa mbegu za mpunga, alikufa kwa njaa akiwa amezungukwa na mpunga. Hawakuula, maana walijua si wao peke yao wenye haki nao. Nabothi alikufa kwa mawe, hawa walikufa kwa njaa, na wote walishika neno lile lile: hiki nimekipokea, nami sina ruhusa ya kukimaliza.

Sisi hatuombwi kufa. Twaombwa kujaza kikombe kimoja. Kwa hiyo nawasihi ninyi wazee wa sharika: katika sikukuu ya mavuno, watu wanapoleta magunia na kuku madhabahuni, pawe na meza moja ndogo kwa ajili ya mbegu. Kila nyumba ilete kidogo ya ile iliyo nayo, nyanya, mlenda, maboga, njugu mawe, kunde, uwele, na mwenye kuileta aseme aliipokea kwa nani. Nyumba iliyopoteza na ichukue bure kwa nyumba iliyotunza. Watoto wa shule ya Jumapili wapewe kila mmoja mche wake wa nyanya, aumwagilie wakati wa kiangazi, na mwisho wa msimu arudishe mbegu. Na wewe kijana unayefanya kazi mjini, ukija likizo, usimletee bibi yako sukari na kanga tu. Keti naye jikoni, umwulize juu ya kile kibuyu. Utakapomwuliza habari za mbegu, atakueleza na habari za Mungu, maana kwa wazee wetu hayo mawili hayakai mbali.

Siku yaja ambayo sisi sote tutaulizwa, si juu ya vitu tulivyonunua, bali juu ya vitu tulivyokabidhiwa. Heri mtu atakayeweza kusema: Bwana, nilivipokea kwa wazee, nikatia alama vilivyo vyema, nikavipanda, na tazama, viko mikononi mwa watoto.

Ee Mungu, mpaji wa mbegu na wa mvua, twakushukuru kwa vyote vilivyotufikia kwa mikono ya waliotutangulia. Tupe macho ya kuona utamu mahali ambapo soko haliuoni. Utuokoe na urithi wa dhambi, utulinde katika urithi ulio mwema, na wazee wetu wasiondoke kabla hatujawauliza. Kwa ajili ya Yesu Kristo, Bwana wetu. Amina.